Mrejesho kwenye mitihani ya kujipima mtandaoni kwa wanafunzi wa udaktari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa naandika na kukagua maswali ya kujipima ya wanafunzi wa udaktari kwa muda sasa, na haya ndo maswali yanayonirudia kila wiki, mengine kutoka kwa walimu wenzangu na mengine kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Nimeyajibu kama ningekujibu tukiwa tumekaa tunaongea, kwa hiyo mengine yamekuwa marefu na mengine mafupi.

Tukisema mrejesho tunamaanisha nini hasa, si ndo maksi?

Maksi ni sehemu ndogo sana. Mrejesho ni kila kitu ambacho mfumo unamwambia mwanafunzi akishabonyeza jibu: amepata au amekosa, jibu sahihi ni lipi, kwanini ni hilo, kwanini lile alilochagua halikufaa, na afanye nini baada ya hapo. Mtihani wa mwisho wa mwaka kazi yake ni kuamua nani anavuka na nani anarudia, pale maksi ina uzito. Mtihani wa kujipima haumvushi mtu wala haumrudishi nyuma, kwa hiyo ukimpa mwanafunzi maswali 100 alafu ukamrudishia "62" basi umemchukulia jioni yake nzima na hujampa kitu cha kushika.

Mwaka 2007 watafiti wa elimu John Hattie na Helen Timperley walisema mrejesho mzuri unajibu maswali matatu: naelekea wapi, saivi niko wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Mimi kila nikikagua ukurasa wa matokeo naupitisha kwenye hayo matatu na karibu kila mara hilo la tatu ndo halina jibu.

Mfumo wetu unaonesha jibu sahihi kwa kijani na la kosa kwa nyekundu. Hiyo haitoshi?

Haitoshi, na hapa tuna namba nzuri kabisa. Mwaka 2015 Fabienne van der Kleij na wenzake walikusanya tafiti 40 za mrejesho kwenye kujifunza kwa kompyuta wakapima kila aina inamsaidia mwanafunzi kiasi gani, kwenye kipimo ambacho 0 maana yake hakuna tofauti yoyote. Kumwambia mtu tu kwamba umepata au umekosa ilitoka 0.05, yani karibu na bure. Kumwonesha jibu sahihi ikapanda hadi 0.32. Kumpa maelezo ikafika 0.49, na faida ya maelezo ilionekana zaidi kwenye maswali yanayotaka mtu afikiri kuliko yale ya kukumbuka tu, na udaktari karibu wote ni huko kwenye kufikiri.

Kuna jambo lingine watu hawalijui. Maswali ya kuchagua yana hatari yake, manake mwanafunzi anasoma majibu manne ya uongo kwa kila moja la kweli, na yale ya uongo yameandikwa makusudi yafanane na ukweli. Roediger na Marsh walionesha mwaka 2005 kwamba mtu anaweza kutoka kwenye mtihani wa namna hiyo akiwa amebeba jibu la uongo kichwani kama maarifa mapya, na miaka mitatu baadae Butler na Roediger wakaonesha kwamba mrejesho unapunguza hilo tatizo. Kwa hiyo mtihani wa kujipima usio na mrejesho unaweza kabisa kumfundisha mtu makosa, na huyu mtu kesho yuko wodini.

Maelezo mazuri ya swali moja yanakaaje? Naomba mfano

Tuchukue huu. Kijana wa miaka 19 mwenye kisukari aina ya kwanza analetwa anatapika, anapumua haraka na kwa kina, sukari iko juu sana, ketoni zipo, damu imekuwa na asidi (hali inayoitwa ketoasidosisi), potasiamu ni 2.8. Dripu imeshaanza kwenda. Nini kifuate? Wanafunzi wengi wanabonyeza insulini.

Maelezo ninayoyakuta mara nyingi: "Jibu sahihi ni C. Potasiamu irekebishwe kabla ya insulini. Rejea sura ya ketoasidosisi." Mwanafunzi anasoma, anaitikia kichwa, anapita. Hajajua kichwa chake kilienda kombo wapi. Aina nyingine, ambayo kwangu ni mbaya zaidi, ni kunakili kurasa mbili za kitabu na kuzibandika pale, zinaanza na historia ya ugonjwa na zinaishia na takwimu za vifo, af sentensi moja aliyoihitaji iko katikati ya aya ya sita.

Mimi ningeandika hivi: "Umechagua insulini, na ni kweli huyu mgonjwa ataihitaji, hilo umeliona vizuri. Ulichokiruka ni potasiamu ya 2.8, ambayo tayari iko chini. Insulini inasukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, kwa hiyo ukiianza sasa hivi hiyo 2.8 inashuka zaidi na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika mpaka mgonjwa akafa. Mpe potasiamu kwanza, pima tena, ikipanda ndo uanze insulini. Kama potasiamu ingekuwa 4.5, jibu lako lingekuwa sahihi."

Angalia inavyokwenda. Inaanza na alichofikiri yeye, inamtajia kitu kimoja tu kwenye swali ambacho hakukitazama, inampa sababu ya kimwili ili asikariri, inamwambia mpangilio wa kazi. Na ile sentensi ya mwisho ndo naipenda kuliko zote, ile ya kusema ni kitu gani kingebadilika ili jibu lako liwe sahihi. Ukiweza kuandika sentensi moja tu kwa kila swali, andika hiyo. Inamwonesha mwanafunzi mpaka uko wapi, na kazi ya daktari kila siku ni kujua mpaka uko wapi.

Lazima tueleze kila chaguo la kosa?

Hapana, mtachoka mtaacha. Kwenye swali la machaguo matano mara nyingi kuna mawili ya kosa ambayo yanabeba karibu wanafunzi wote wanaokosa, mengine yanachaguliwa na wachache mno. Angalieni takwimu za mfumo mjue ni yapi, hayo yapewe maelezo kamili, mengine sentensi moja. Na kama kuna chaguo halichaguliwi na mtu miaka yote basi halina kazi, liondoeni.

Ila msidhani mnajua kwanini wanakosa bila kuwauliza. Nilikuwa na swali la mama mwenye maumivu ya tumbo, amekosa siku zake wiki saba, kipimo cha mimba kinasoma ndiyo, presha 80 kwa 50, mapigo 130, tumbo limekaza. Wengi walikuwa wanachagua altrasaundi na mimi nikaandika maelezo marefu ya dalili za mimba iliyotunga nje ya kizazi, nikidhani ugonjwa wenyewe hawaujui. Nikaja kukaa na wanafunzi wanne nikawauliza, wote wanne walishajua ni mimba nje ya kizazi iliyopasuka! Walichagua altrasaundi kwa sababu wodini walizoea kuona kila mtu anapelekwa altrasaundi kwanza. Kosa lao lilikuwa kwenye muda: mgonjwa anavuja damu ndani, presha inaanguka, huyu anapelekwa chumba cha upasuaji huku anaongezewa maji na damu, hasubiri foleni ya picha. Maelezo yangu yote yalikuwa yanafundisha kitu ambacho tayari wanakijua. Niliyafuta nikaandika upya mistari minne.

Tangu siku hiyo siandiki maelezo ya swali gumu kabla sijaongea na angalau wanafunzi wawili watatu waliolikosa.

Aliyepata swali naye anahitaji maelezo?

Anahitaji, na mifumo mingi inamsahau kabisa. Fikiria mwanafunzi ambaye kwenye maswali 20 ameondoa majibu matatu akabaki na mawili akarusha shilingi, kwa wastani atapata 10 kati ya hayo, na mfumo utampigia tiki ya kijani kwenye yote kumi. Butler, Karpicke na Roediger mwaka 2008 walionesha kwamba mtu aliyepata jibu akiwa hana uhakika ananufaika na mrejesho, bila huo lile jibu sahihi linaweza kumpotea baadae. Kwa hiyo onesha maelezo kwa wote, ila kwa aliyepata yawe mafupi, anayetaka zaidi abonyeze afungue.

Kuna haja ya kuwauliza wana uhakika kiasi gani na jibu lao?

Kwangu mimi hiki ndo kitu kimoja ambacho kingebadilisha mitihani mingi ya kujipima kwa gharama ndogo sana. Hatuko vizuri kujipima wenyewe. Mwaka 2006 kwenye jarida la udaktari la JAMA, Davis na wenzake walipitia tafiti zilizolinganisha madaktari wanavyojiona na wanavyopimwa na wengine, kati ya milinganisho 20, 13 ilionesha uhusiano mdogo, hakuna uhusiano, au uhusiano wa kinyume, na waliokosea zaidi kujipima walikuwemo wale wenye uwezo mdogo wenye kujiamini sana.

Tony Gardner-Medwin wa University College London alitengeneza namna nzuri ya kupima hili. Kila jibu unalipa uhakika wa 1, 2 au 3. Ukipata unavuna 1, 2 au 3 vilevile. Ukikosa ukiwa umesema 1 hupotezi kitu, ukisema 2 unapoteza 2, ukisema 3 unapoteza 6. Ukipiga hesabu utaona 3 inalipa tu kama uhakika wako unazidi asilimia 80, na 2 inalipa kuanzia kama theluthi mbili. Hakuna faida ya kudanganya, si kwa kujikweza wala kwa kujishusha.

Alafu mrejesho unapangwa kwa hayo makundi. Aliyekosa bila uhakika, huyo hajui, mfundishe taratibu. Aliyepata bila uhakika, mthibitishie na umpe sababu. Aliyekosa akiwa na uhakika kamili huyo ndo wa kumkimbilia wa kwanza, kwa sababu wodini huyu hatauliza mtu, ataandika dawa. Na kuna habari njema kuhusu huyu: Butterfield na Metcalfe mwaka 2001 walikuta kwamba makosa ambayo mtu alikuwa na uhakika nayo ndo yanarekebishika kwa urahisi zaidi akioneshwa jibu sahihi. Ule mshtuko wa "kumbe!" unamfanya asikilize. Sasa kama mfumo wako hauulizi uhakika huwezi kumjua ni nani, na mshtuko wenyewe unapita bure.

Kama mfumo hauwezi kufanya hesabu za hivyo, weka tu vitufe viwili, "nina uhakika" na "nabahatisha". Inatosha kuanzia.

Mrejesho utoke palepale baada ya kila swali au mwisho wa mtihani?

Watafiti wamebishana muda mrefu kuhusu hili. Kulik na Kulik walipopitia tafiti mwaka 1988 waliona kwamba kwenye majaribio ya darasani mrejesho wa haraka mara nyingi ulifanya vizuri zaidi, ila kwenye baadhi ya majaribio ya maabara ule wa kuchelewa ndo ulishinda. Mimi nimeacha kugombana, naweka njia mbili. Ya mazoezi, jibu na maelezo yanakuja papohapo. Ya mtihani, anamaliza yote kwanza kwa muda kamili ili azoee presha ya saa, af anarudi kwenye maelezo.

Lakini ukichagua mwishoni, onesha tena swali zima na chaguo alilochagua. Nimeona mifumo inatoa orodha tu ya "swali la 47: jibu ni B", na mtu aliyefanya maswali 100 hawezi kukumbuka swali la 47 lilihusu nini. Na isichelewe kufunguliwa. Mrejesho unaotoka wiki mbili baadae unamkuta mwanafunzi ameshahamia mada nyingine na hataufungua.

Tukionesha majibu maswali yatavuja. Si bora tufiche?

Hii hofu naielewa, swali moja zuri linachukua saa kadhaa kulitengeneza na kulipitisha. Ila tenganisheni benki mbili za maswali: ya mitihani ya kuvuka, ifungwe kwa kufuli, na ya kujipima ambayo tangu mwanzo mmekubali kwamba itaonekana na itasambaa. Kuficha majibu ya mtihani wa kujipima ni kama kumpima mtu damu alafu majibu ukabaki nayo maabara. Na wanafunzi hawakai kimya, watayakumbuka maswali, watayaandika kwenye makundi yao, watayajibu wenyewe, na mengi watayajibu kwa makosa, af makosa hayo yatapokelewa na darasa linalofuata kama urithi.

Ripoti ya mwisho inaonesha asilimia kwa kila mada. Ni nzuri?

Inategemea kila mada ina maswali mangapi, na hapa walimu wengi wanawapoteza wanafunzi bila kujua. Chukua mwanafunzi ambaye uwezo wake halisi kwenye figo ni asilimia 60. Mpe maswali 5 ya figo. Uwezekano wa yeye kupata mawili au pungufu ni kama asilimia 32, yani karibu mara moja kati ya tatu ripoti itamwambia ana asilimia 40 au chini ya hapo. Naye ataacha kila kitu akasome figo wiki nzima, kumbe tatizo lake kubwa liko kwenye moyo ambako alibahatisha akapata 4 kati ya 5. Hata maswali 100 yote kwa pamoja yana mtikisiko wake, mwenye uwezo wa 60 anaweza leo kupata 52 na kesho 68 bila kubadilika chochote.

Kwa hiyo: mada yenye maswali machache usiipe asilimia, andika "2 kati ya 5" ili mwanafunzi mwenyewe aone ni machache. Unganisha mada ndogo kuwa kundi kubwa. Na maksi ya jumla ioneshwe kama eneo, mfano kati ya 52 na 68, badala ya namba moja iliyosimama kama ukweli wa milele. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinijia analia kwamba ameshuka kutoka 66 hadi 63 ndani ya wiki mbili na alikuwa anafikiria kuacha masomo. Hakuna kilichoshuka pale, ni mtikisiko tu, lakini mfumo ulimchorea mshale mwekundu wa kwenda chini. Huo mshale mtu aliuweka bila kufikiri na uliumiza mtu.

Mgawanyo unaosaidia zaidi ya mada, kwa maoni yangu, ni aina ya kazi: umekosa kwenye kutambua ugonjwa, kwenye kuchagua kipimo, kwenye hatua ya kwanza ya tiba, au kwenye kujua mwili unavyofanya kazi? Wapo wanaotambua ugonjwa kila mara na wanakwama kila mara kwenye "nini kifuate". Ripoti ya mada haitawahi kuwaonesha hilo.

Tuwaoneshe nafasi yao darasani?

Mi siweki kama kitu cha kwanza. Anayetaka abonyeze aone. Kumwambia mtu ni wa 143 kati ya 160 hakumwambii asome nini, na wa 5 naye anaridhika wakati kuna mambo ya hatari hayajui. Kinachofaa zaidi ni kumlinganisha na kiwango kinachotakiwa na yeye mwenyewe alivyokuwa miezi mitatu iliyopita. Kwenye maswali mojamoja hata hivyo kuna namba moja ya wenzake inayosaidia, ile ya kuonesha ni asilimia ngapi walichagua kila jibu, kwa sababu mtu akiona nusu ya darasa walinaswa pamoja naye anapoa na anasoma maelezo kwa utulivu.

Lugha ya mrejesho iweje? Tuwasifie kidogo?

Zungumzia kazi, mwache mtu. "Hongera wewe ni bingwa" haina chochote ndani, na "umefanya vibaya sana" inafunga masikio. Kluger na DeNisi mwaka 1996 walikusanya matokeo zaidi ya 600 ya tafiti za mrejesho wakakuta zaidi ya theluthi moja mrejesho ulishusha utendaji badala ya kuupandisha, na maelezo yao ni kwamba mrejesho unapoteza nguvu kadri unavyomvuta mtu ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kazi iliyoko mbele yake. Watu wengi wanadhani mrejesho wowote ni bora kuliko kutokuwa nao. Sio kweli.

Mimi nasema "umeliona hili, umeruka hili". Naandika kama mwalimu anavyomwambia mwanafunzi pembeni ya kitanda cha mgonjwa, kwa sauti ya chini.

Hawasomi maelezo, wanaruka tu. Tufanyeje?

Kwanza pimeni urefu wa maelezo yenu. Mtu anayefanya maswali 40 usiku kwenye simu hawezi kusoma nusu ukurasa mara 40. Weka jambo kuu kwenye mistari mitatu ya juu, mengine yafichwe chini ya kitufe cha "soma zaidi".

Pili, mpe kazi ndogo kabla ya maelezo. Akikosa, usimpe jibu saa hiyohiyo, mpe kidokezo: "angalia tena potasiamu", alafu ajaribu mara ya pili. Wengi wanapata kwenye jaribio la pili na wakilipata wenyewe linakaa. Au muulize achague sababu ya kukosa: sikujua kabisa, nilijua nikachanganya, sikusoma swali vizuri. Sekunde tano tu, na mwisho wa mwezi ana picha ya makosa yake ambayo hakuna mwalimu angeweza kumchorea.

Tukishatoa maelezo mazuri kazi imeisha?

Bado sana. Larsen, Butler na Roediger mwaka 2009 waliwafuatilia madaktari walioko kwenye mafunzo ya watoto na ya dharura. Mada moja walijipima mara kadhaa huku wakipewa mrejesho, nyingine waliirudia kwa kusoma. Baada ya zaidi ya miezi 6 walipata asilimia 39 kwenye ile ya kujipima na 26 kwenye ile ya kusoma. Watu wanafurahia hiyo tofauti na mimi nafurahi, lakini tazama hiyo 39 yenyewe. Hao ni madaktari kamili na bado zaidi ya nusu iliwatoka. Kwa hiyo swali alilolikosa lazima limrudie, baada ya siku chache, baada ya wiki kadhaa, baada ya miezi, na lirudi na mgonjwa mwingine. Ukimrudishia swali lilelile la kijana wa miaka 19 atakumbuka herufi C. Mrudishie mama wa miaka 45 mwenye potasiamu ya 5.1 uone kama ameelewa au alikariri kwamba "potasiamu kwanza".

Swali lenyewe likiwa bovu je?

Weka kitufe cha kulalamikia swali kwenye kila ukurasa wa maelezo, na awepo mtu mwenye jina anayejibu ndani ya siku chache. Swali ambalo wanafunzi wenye maksi za juu wanalikosa kuliko wenye maksi za chini lina kasoro mpaka ithibitike vingine, mara nyingi ni ufunguo wa jibu, yani herufi iliyowekwa kwenye mfumo kuwa ndo sahihi, umewekwa vibaya.

Na tiba inabadilika. Uwiano wa kukandamiza kifua na kupuliza pumzi kwa mtu mzima ambaye moyo umesimama ulikuwa 15 kwa 2, mwaka 2005 ukawa 30 kwa 2. Mwaka 2010 mpangilio ukabadilika, kukandamiza kifua kukaja kabla ya kufungua njia ya hewa. Niliwahi kukuta benki ya maswali bado inawakosesha wanafunzi kwa kujibu utaratibu mpya, miaka baada ya mabadiliko, na maelezo yake yameandikwa kwa kujiamini kabisa. Kila maelezo yawe na tarehe ya mwisho kukaguliwa, mwanafunzi aione.

Tunaweza kutumia akili bandia kuandika maelezo?

Kama rasimu, sawa. Inaandika haraka na inaandika vizuri, na hapo ndo hatari ilipo, manake dozi iliyokosewa inakuja kwenye sentensi nzuri ileile kama dozi sahihi. Kila kitu lazima kipite kwa daktari anayefundisha hiyo mada, asome namba mojamoja. Na haijui wanafunzi wako walinaswa wapi mpaka uiambie mwenyewe.

Mimi ni mwanafunzi na mfumo wetu unatoa maksi tu. Nifanye nini?

Jitengenezee mrejesho wako. Kabla hujabonyeza jibu andika pembeni herufi moja ya uhakika. Ukimaliza, chukua yale uliyoyakosa ukiwa na uhakika kwanza, hata kama ni manne tu, tafuta kwenye kitabu au muulize daktari wako, af andika kwa maneno yako sentensi moja: "jibu langu lingekuwa sahihi kama...". Mfano kwenye mzio mkali ulichagua haidrokotisoni, andika kwamba hiyo inachukua masaa kufanya kazi na mgonjwa anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja sasa hivi. Sentensi hizo ziweke kwenye daftari moja na uzirudie. Mkiwa watatu mnaweza kugawana, kila mtu akawaeleza wenzake makosa yake mwenyewe, wala msione aibu, manake mkikosea hapo hakuna mgonjwa anayeumia.

Tuna maswali 2000 na hatuna watu. Tuanzie wapi?

Chagueni 50. Yawe yale yanayokosewa na wengi na yanayohusu vitu vinavyoua haraka: mshtuko, mzio mkali, sukari, degedege, kupumua, damu ya uzazi. Anzeni na hayo na acheni mengine yakae kama yalivyo kwa sasa. Watu wawili wakikaa saa moja kila wiki na wakamaliza maswali 6, mmoja anayefundisha wodini na mmoja mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyeyakosa maswali hayo juzi tu, kwa wiki 50 mtakuwa na 300. Huyo mwanafunzi msimwache nje ya chumba. Yeye bado anakumbuka alivyofikiri alipokuwa anabonyeza jibu la kosa, sisi wengine tumeshasahau.